Faili moja, tarakilishi mbili: Wingu linavyobeba kazi yako, na linavyoweza kuipoteza

MWALIMU mmoja wa shule ya upili ameniandikia akiniuliza maswali matatu kwa mpigo. La kwanza, ni neno lipi sahihi la Kiswahili la kile ambacho watu wa teknolojia hukiita wingu? La pili, anatunga mitihani kwenye tarakilishi ya shule mchana na kuendelea nayo kwenye kipakatalishi chake usiku. Afanyeje ili faili iwe ileile pande zote mbili bila kuibeba mfukoni? La tatu nitalijia mwishoni kwa sababu ni jepesi.

Nitaanza na la pili. Huenda baadhi yenu mkashangaa, maana safu hii ni ya lugha na mimi ni mtu wa isimu, si fundi wa mitambo. Lakini jambo hili nimelijifunza kwa kuungua, na mahali nilipoungua palikuwa ni katika maana ya neno. Kwa hiyo tukivumiliana, tutafika kwenye lugha bila kulazimisha.

Wengi wetu tuliosomea kwenye taipureta tulipokea tarakilishi tukiwa watu wazima, na tukaja nayo na tabia za karatasi. Ukiandika barua, barua iko mahali pamoja. Ukitaka iwe mahali pawili, unaitoa nakala. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilibeba flashi kwenye mfuko wa shati, nikiitoa ofisini na kuiingiza nyumbani. Mbili nilizisahau ndani ya matatu. Moja ilirudi kutoka saiba ikiwa imejaa virusi, kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato isiyokwenda popote. Nikahamia barua pepe: najitumia mwenyewe sura niliyoiandika, kisha naipakua upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba sanduku langu la barua lilijaa faili zenye majina kama “Sura ya 3 mwisho”, “Sura ya 3 mwisho kabisa” na “Sura ya 3 mwisho wa kweli”. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alichapisha na kujalidi tasnifu yenye sura ambayo tayari alikuwa ameisahihisha kwenye mashine nyingine. Watahini wakamsomea makosa aliyokwisha kuyatoa. Alikaa kimya, machozi yanamlengalenga, na mimi msimamizi wake sikuwa na la kumtetea.

Tatizo si uzito wa kubeba flashi. Tatizo ni kwamba kila nakala inapozaliwa, swali linazaliwa nayo: ipi kati ya hizi ndiyo yenyewe?

Huduma za wingu zilibuniwa kujibu swali hilo. Drew Houston, aliyeanzisha Dropbox mwaka wa 2007 pamoja na Arash Ferdowsi, amesimulia mara kadha jinsi wazo lilivyomjia ndani ya basi kati ya Boston na New York, alipogundua kwamba ameisahau flashi yake. Kumbe hata Wamarekani huzisahau! Google ilileta huduma yake mwezi wa Aprili 2012, ile ambayo ukiweka simu yako katika Kiswahili utaiona imeandikwa Hifadhi ya Google. Microsoft ina OneDrive. Majina ni mengi lakini utaratibu ni mmoja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unafungua akaunti moja. Unasakinisha programu ya huduma hiyo kwenye tarakilishi ya kwanza, unaingia kwa akaunti yako, na programu inakutengea folda. Folda hiyo ni ya kawaida kabisa, iko ndani ya diski ya mashine yako na unaifungua kama nyingine. Tofauti ni kwamba kuna mlinzi anayeitazama. Kila unapohifadhi badiliko, mlinzi huyo huliona na kulipakia hadi kwenye seva za kampuni. Kisha unakwenda kwenye tarakilishi ya pili, unasakinisha programu ileile, unaingia kwa akaunti ileile, na mlinzi wa huko anapakua kilichobadilika. Kwa faili kubwa, Dropbox huikata faili katika vipande visivyozidi megabaiti 4 kila kimoja na kupeleka vile vilivyoguswa tu, kwa hiyo si lazima faili nzima isafiri upya kila mara.

(Hapa naomba nitue kidogo. Mama akipakua wali, anautoa chunguni kuuweka sahani. Mchukuzi wa bandarini akipakua shehena, anaitoa melini. Hakuna aliyekaa kikaoni kubuni kupakua faili. Neno lilikuwapo, likaongezewa kazi. Kipakatalishi nacho kimetokana na kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Maneno ya namna hii hayahitaji kampeni.)

Mwalimu wangu asikose kufanya mambo mawili anapoanza. Kwanza, faili zake azihamishe kwenye folda hiyo, asizinakili. Akinakili, atabaki na mtihani mmoja kwenye eneokazi la mashine na mwingine ndani ya folda, na siku moja atausahihisha ule usiotazamwa na mtu. Pili, asizime mashine kabla mlinzi hajamaliza. Programu nyingi huonyesha alama ndogo kando ya faili: mishale inayozunguka inamaanisha kazi inaendelea, na tiki inamaanisha imekwisha. Pale shuleni kengele ya saa kumi ikilia watu hufunga kipakatalishi paa na kukimbilia gari. Ukifanya hivyo mishale ikiwa bado inazunguka, utafika nyumbani ukute mtihani wa jana.

Na je, ukiusahihisha huo wa jana? Hapo ndipo mambo hunoga. Mashine ya shule ina toleo lililobadilishwa mchana ambalo halikupaa, na mashine ya nyumbani ina toleo lililobadilishwa usiku. Kesho yake zote mbili zinafika kwa seva, kila moja ikidai ndiyo yenye haki. Dropbox haithubutu kuamua. Inaziacha zote mbili, moja ikiwa na jina lake na nyingine ikiwa imeongezewa maneno ya kueleza kwamba ni nakala yenye mgongano. Ni busara, kwa maana hakuna kilichopotea, lakini ni wewe utakayeketi kuzilinganisha mstari kwa mstari. Wanaoandika moja kwa moja ndani ya kivinjari, kwa mfano kwenye Hati za Google, hawalijui balaa hili, kwa sababu hapo hakuna faili mbili za kupatanishwa. Hati ni moja, iko kwenye seva, na mashine zote mbili zinaitazama hiyohiyo. Gharama yake ni kuutegemea mtandao zaidi.

Sasa tuhesabu nafasi, maana bure ina mpaka. Google hutoa gigabaiti 15, lakini gigabaiti hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na faili. OneDrive hutoa 5. Dropbox hutoa 2, na akaunti yake ya bure huruhusu vifaa vitatu, yaani tarakilishi zako mbili na simu, basi. Kwa mtu wa maandishi hizo ni nyingi mno. Tasnifu ya kurasa 300 isiyo na picha haifikishi hata megabaiti 5. Mitihani ya mwalimu wa maisha yake yote itaingia katika gigabaiti mbili na nafasi ibaki.

Sauti ni habari nyingine. Mimi hurekodi wazee wakizungumza, kwa sababu utafiti wangu ni wa lahaja za Pwani ya kusini. Rekodi nzuri isiyobanwa, ile ambayo mtaalamu wa fonetiki anaweza kuipima, hula megabaiti zipatazo 10 kwa dakika. Saa moja ni zaidi ya megabaiti 600. Saa 20 za mazungumzo zinakaribia gigabaiti 13. Na kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, kasi ambayo nyumbani kwangu ilikuwa ya kushukuru, mzigo huo huchukua saa 14 kupaa, stima isipopotea.

Saa 20 hizo nilikuwa nazo. Zilikuwa za Kivumba, lahaja inayozungumzwa Vanga na Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania. Nyingi zilitoka kwa mzee mmoja wa Vanga aliyekuwa nahodha, ambaye alinipokea barazani kwake kwa misimu mitatu. Alikuwa akiniita mwalimu, na kila nilipotamka neno lake kwa lafudhi yangu ya bara alicheka mpaka akakohoa. Alinitajia samaki kwa majina, majina ya sehemu za jahazi, na jinsi mabaharia walivyosoma dalili za kusi na kaskazi. Alifariki kabla sijamaliza kunakili hata nusu.

Rekodi hizo nilizitia kwenye folda ya wingu, mashine ya ofisini na kipakatalishi cha nyumbani. Nikatulia. Nikajiambia: ziko pawili, tena na juu ziko, jumla tatu. Kadi ya kinasa sauti nikaifuta ili niitumie tena.

Baadaye nikaalikwa kongamanoni Zanzibar. Usiku wa kuamkia safari, kipakatalishi kikalalamika kwamba diski imejaa. Nikatazama ni nini kinachokula nafasi, nikaona folda ya Vanga. Nikasema, hii si iko ofisini? Nikaifuta.

Mlinzi akafanya kazi yake. Aliona kwamba upande mmoja folda haipo, akapeleka habari juu, na huko juu ikaondolewa na kuwekwa kwenye Tupio. Tarakilishi ya ofisini ilikuwa imezimwa, kwa hiyo haikujua lolote. Siku ya tisa, nikiwa ningali safarini, simu ikanionya kwamba nafasi ya akaunti inakaribia kuisha. Katika huduma niliyokuwa nikitumia, vilivyomo tupioni bado huhesabiwa. Nikafungua Tupio kwa simu, nikaona faili kubwa mbili juu ya orodha, nikazifuta kabisa. Ujumbe uliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Niliporudi na kuwasha mashine ya ofisini, rekodi zote zilikuwamo. Naamini zilikaa hapo dakika kadha, nikiwa nimetoka kwenda kusalimia wenzangu. Kisha mtandao ukashika, na mlinzi wa ofisini akapata habari.

Siku ya 24 mwanafunzi wangu wa uzamifu aliniomba kipande cha dakika mbili akipime vokali. Nikafungua folda mbele yake. Tupu. Nikafungua kipakatalishi. Tupu. Kijana yule hakunicheka. Aliniuliza tu: “Prof, ulifuta lini?” Nilipomtajia tarehe akavuta kiti, akafungua Tupio, akaanza kurejesha. Google, Dropbox na OneDrive ya akaunti za binafsi zote huviweka vilivyofutwa kwa siku 30, kisha huviondoa moja kwa moja. Tulikuwa tumebakiwa na siku sita. Zilirudi rekodi zote isipokuwa zile mbili nilizozifuta kwa mkono wangu nikiwa na hakika.

Sikumlaumu mtu, na programu haikukosea. Ilifanya kile jina lake linachosema, na hapa sasa ndipo isimu inapoingia.

Programu hizi katika Kiswahili hutumia maneno mawili makubwa: hifadhi na sawazisha. Neno hifadhi lina uzito mkubwa kwetu. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa hafidhi, yaani mtu aliyeihifadhi Kurani nzima moyoni. Mtu aliyehifadhi hapotezi. Hifadhi ya wanyama ni mahali ambapo bunduki hazifiki. Tukimwambia mtu “Mungu akuhifadhi” tunamwombea kinga. Kwa hiyo nilipoona jina Hifadhi, akili yangu ya lugha, ile niliyoinyonya kabla ya kwenda chuo, ilisikia ahadi ya ulinzi. Kiingereza hapa kinasema tu mahali pa kuweka vitu, kama stoo. Hakuahidi mtu.

Sawazisha, kwa upande wake, ni neno la kweli kabisa, na ni mimi niliyelipuuza. Kusawazisha ni kufanya pande mbili ziwe sawa. Fundi wa mwashi husawazisha sakafu. Timu iliyofungwa bao moja, ikirudisha, mtangazaji wa redio hupaza sauti kwamba imesawazisha. Neno halisemi pande hizo zitakuwa na nini. Yakiwa mabao mawili kwa mawili ni sawa. Ikiwa sufuri kwa sufuri ni sawa pia. Nilipofuta nyumbani, programu ilisawazisha: nyumbani sufuri, ofisini sufuri.

Wapo wanaopendelea kulandanisha badala ya kusawazisha. Nimesikia hoja yao kwamba kusawazisha kumetekwa na mambo ya usawa wa jinsia na wa mishahara, na kwamba kulandana kunadokeza vitu viwili vinavyofanana umbo na kwenda pamoja. Mimi nilikuwa upande wao hadi mwaka ule. Siku hizi natetea sawazisha kwa sababu hiyohiyo ya sufuri, na kwa sababu mama mboga anaijua.

Kinachokosekana katika menyu zetu ni neno la tatu lenye nguvu, la kile nilichodhani ninacho. Tunalo, tena la kale: akiba. Akiba haisawazishwi na matumizi ya kila siku. Ukila unga wa jikoni, ule wa ghalani haupungui mpaka uende mwenyewe kuuchukua. Programu nyingi huiita “nakala rudufu”, istilahi inayoeleza umbo lakini haielezi kazi. Kurudufu ni kufanya mara mbili tu, na mimi tayari nilikuwa na mbili. Laiti menyu ingeniuliza: hii ni ya kusawazisha au ni ya akiba? Ningesita. Wahariri wa istilahi wakitaka pendekezo, hilo ndilo langu.

Wapiga picha wana kanuni waliyoipa jina la tatu, mbili, moja, iliyopewa umaarufu na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Siku hizi rekodi zangu ziko kwenye wingu kwa ajili ya kufanyia kazi mashine zote mbili, na pia kwenye diski mbili za nje ambazo mlinzi hazijui. Moja iko ofisini kabatini. Nyingine iko kwa dada yangu Nakuru, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, na haichomolewi humo ila Krismasi. Mwalimu hahitaji makuu hayo. Flashi aliyotaka kuitupa aiweke, na kila mwisho wa muhula anakili folda nzima humo, kisha aichomoe. Kuichomoa ndiyo kazi yenyewe. Diski iliyochomekwa daima inaweza kuguswa na virusi au na mkono wako ulio na hakika.

Na iwapo siku moja utagundua umefuta kitu kwenye mashine moja, usikimbilie kuwasha ya pili ukiwa na mtandao. Chomoa waya au zima waifai kwanza, kisha uiwashe na unakili kilichomo. Hilo lingeniokoa mimi.

Sasa lile swali la kwanza. Wingu ni nini hasa, na tuliiteje? Hakuna kilicho angani. Wahandisi walipokuwa wakichora michoro ya mitandao, sehemu ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza kwa undani waliichora kama wingu. Yaani wingu lilikuwa ishara ya “hapa pana mambo mengi, usijali”. Amazon ilianza kuuza hifadhi ya aina hii mwaka wa 2006, na kufikia mwishoni mwa mwongo huo jina lilikuwa limetoka kwenye michoro hadi sokoni. Vitu vyenyewe viko kwenye majengo makubwa yenye seva maelfu, yanayokula umeme na kupozwa usiku na mchana. Kimojawapo cha vituo vya Google kiko Hamina, nchini Finland, kando ya bahari. Kabla ya hapo jengo lilikuwa kinu cha kutengeneza karatasi, na leo maji ya bahari huingizwa kupoza mitambo. Nikiwafundisha wanafunzi napenda mfano huo: palipotengenezwa karatasi sasa panatunzwa maandishi yasiyo na karatasi.

Faili za mwalimu zinapopaa, basi, hazipai. Zinashuka Mombasa na kuzama, kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari kama vile SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka wa 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na Afrika Mashariki nzima ikalia kwamba intaneti inatambaa. Wiki ile waliokuwa na faili ndani ya folda waliendelea kufanya kazi, kwa sababu faili iko mashinani na husawazishwa mtandao ukirudi. Waliotaabika ni wale ambao programu zao zilipangwa kuonyesha majina tu huku faili zenyewe zikibaki kwenye seva. Mpangilio huo huokoa nafasi ya diski. Programu ya Google kwenye tarakilishi itakupa uchaguzi kati ya njia hizo mbili, na mwalimu achague ile ya kuweka faili zote mashinani. Mimi niliwahi kufika Vanga na orodha nzuri sana ya majina ya faili, na nisiweze kufungua hata moja.

Kuhusu istilahi, nimesikia wingu, mawinguni, hifadhi ya wingu, hata wingupepe. Wingu linatosha. Najua kwamba kwetu wingu la huzuni hutanda, na dalili ya mvua ni mawingu. Sitaraji mtu afurahi akiambiwa harusi yake imewekwa winguni. Lakini sitiari hii imekwisha kukubaliwa katika lugha nyingi, na kuibadilisha sasa ni kumfanya mwanafunzi ajifunze mara mbili. Nisingependa wingi, mawingu, maana kila huduma ni wingu lake na akaunti yako iko kwenye moja. Kuhusu wingupepe, pepe imefanya kazi nzuri kwenye barua, tuiache ipumzike.

Jambo moja la mwisho kabla ya swali la tatu. Mitihani ni siri, na sauti za watu ni zaidi ya siri. Unapotaka kumshirikisha mwenzako folda, mwandike kwa anwani yake. Usitoe kiungo kinachofunguka kwa yeyote atakayekipata, kwa sababu kiungo hupelekwa WhatsApp na huko hakirudi. Tarakilishi ya shule hutumiwa na wengi, kwa hiyo mwalimu asisakinishe programu ile humo kama mashine haina akaunti yake mwenyewe yenye nywila. Atumie kivinjari na atoke kwenye akaunti akimaliza. Aweke pia uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa tarakimu kwa simu. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, sisi watafiti tunaonakili sauti za watu tuna wajibu wa kisheria juu ya mahali tunapoziweka. Mzee wangu alikuwa ametia sahihi fomu ya ridhaa. Ilisema rekodi zitatunzwa.

Kwa zile mbili zilizopotea nilibaki na daftari niliyoandika haraka nilipokuwa nikimsikiliza. Kuna majina 17 ya samaki. Matatu siwezi kuusoma mwandiko wangu mwenyewe, na mwezi ujao nitampelekea mwanawe, ambaye bado anavua, aniambie ni yapi.

Swali la tatu la mwalimu: je, aseme faili au jalada? Faili. Jalada tuliachie kitabu, na polisi.